Upande wa Pili wa Kazija binti Mfaume

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimamishwa ndani ya kabati langu, wima, katikati ya santuri, na kwa muda mrefu sikuona ajabu yoyote.

Santuri husimamishwa. Ukizilaza moja juu ya nyingine zinapinda, na santuri iliyopinda haina kazi nyingine zaidi ya kufunikia mtungi. Mimi naitwa Songoro, nina bucha hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, na ninakusanya santuri za zamani, zile nyeusi nzito zinazovunjika kama sahani. Kwa hiyo nilijua kwa nini nimesimama. Nilikuwa natunzwa.

Nisichokijua ni nani ananitunza.

Kushoto kwangu alikuwepo rafiki yangu Hamimu, fundi cherehani, ambaye naye anakusanya. Alikuwa amevalishwa ganda la karatasi ya kahawia lenye tundu katikati, na kitovu chake kimetokeza tunduni, mahali ambapo huwa tunasoma jina la mwimbaji. Kofia ameivuta chini mpaka shingoni. Nikamuuliza tumeingia humu lini. Akanitazama midomo kwanza, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akajibu kwamba yeye yumo tangu zamani, na kwamba nisimwegemee, nitamkwaruza.

Nikaacha kumwegemea.

Mlango wa kabati unafunguliwa. Aliyefungua ni gramafoni yangu mwenyewe, ile ya ufunguo, ila sasa ana miguu ya mtu na suruali ya kaki, na bomba la shaba ndiyo sura yake. Ananitoa kwa kunishika utosini na kwenye nyayo. Usoni hakunigusa. Nilimshukuru moyoni, maana santuri hushikwa pembeni, ukiigusa usoni unaiachia mafuta ya vidole. Akanipuliza vumbi machoni, akanigeuza kwenye mwanga, akanikagua.

Akasema niko safi, sijatumika.

Nikamwambia huo ni uongo. Nimeacha shule darasa la tano, nikaingia buchani, na tangu hapo nimetumika mpaka mgongo unalia.

"Nazungumzia masikio," akasema gramafoni.

Tukatoka uani. Jua lilikuwa kali na gramafoni akaanza kukimbia huku amenibeba, kwa sababu santuri ikiachwa juani inalainika. Tulipofika kivulini nilikuwa nimeshapinda kidogo. Niliposema ahsante, sauti ilipanda na kushuka kama ya mtu anayeongea akiwa juu ya punda.

Kivuli chenyewe kilikuwa cha bucha yangu. Sikumbuki tulipita wapi.

Kwenye ndoano zangu, mahali pa mapaja na mbavu, yametundikwa masikio. Yamepangwa jozi jozi, yameoshwa vizuri, hayana inzi. Kwenye mizani kuna mengine. Mbele ya meza kuna foleni ya wateja na wote ninawafahamu, ingawa sijawahi kuwaona, maana ninazo sauti zao.

Hapa inabidi nieleze mambo yetu, la sivyo mtu hatanielewa.

Sisi wakusanyaji tunakutana kwa Hamimu kila Jumapili alasiri. Kila mmoja anakuja na santuri. Tunaifuta, tunaigeuza kwenye mwanga, tunasoma jina, tunanusa ganda. Kisha tunaonja. Kuonja ni hivi: sindano inawekwa mwanzoni, tunasikiliza mpaka tujue hali ya santuri, sindano inainuliwa. Basi. Hakuna anayefika mwisho, kwa sababu sindano inakula santuri, na kwa sababu nyingine ambayo hatuisemi mbele za watu, kwamba santuri adimu nyingi hazisikiliziki. Ndiyo maana ni adimu. Zilipotoka hakuna aliyezinunua.

Kuna ya bwana mmoja anayecheka upande wa kwanza wote, na ukigeuza anaendelea kucheka, wala hasemi nini kinamchekesha. Kuna ya mwingine anayeiga sauti za ndege, na ndege wote ni bata. Hizo tunazigombania. Na adimu kupita zote ninayo mimi, ya Kazija binti Mfaume. Hatujapata kusikia kwamba yuko mtu mwenye nyingine. Sauti yake ni geti la bati linaloburutwa kwenye saruji. Wenzangu hunibembeleza niilete, tunaionja, wote wanakunja nyuso, mmoja anasema inua, ninainua, kisha wananipa mkono wa hongera.

Basi, hao ndio waliokuwa kwenye foleni. Bwana wa kucheka yuko mbele, anachagua masikio, anacheka. Nikamuuliza anayataka ya nini. Akacheka. Gramafoni akaona nahangaika, akanieleza.

"Hawa wamesubiri wasikilizwe mpaka wamechoka. Sasa wananunua masikio wakajisikilize wenyewe. Na hakuna masikio mazuri kama ya mkusanyaji. Hayajatumika, hayana mkwaruzo, yametunzwa mahali paka…"

Hapo sauti ikazama, ikawa nzito na polepole kama ya ng'ombe mgonjwa, ikanyamaza. Nikazunguka nyuma yake nikamtia ufunguo mgongoni.

"…vu," akamaliza, na akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jozi moja pale ukutani ilinishtua. Sikio la kulia lilikuwa bado limebana penseli. Nikamgeukia Hamimu, ambaye sikumwona akiingia. Akavua kofia. Pande zote mbili za kichwa zilikuwa laini kama kisigino. Nilipomuuliza imekuwaje akanitazama midomo, akasema walimpa nafasi, akaambiwa asikilize santuri moja mpaka mwisho. Akapewa ya bata. Alijitahidi, lakini upande wa pili wanaanza kugombana, akainua.

Aliisema kwa utulivu kama anayeeleza suruali ya mteja ilivyobana.

Gramafoni akachukua kisu changu, kile cha kukatia mifupa, akakijaribu kwenye ukucha. Akasema sheria ni moja kwa wote. Nitasikiliza santuri moja, pande zote mbili. Nikifika mwisho, masikio ni yangu na nitaondoka nayo. Nikiinua sindano kabla, yanatundikwa.

Nikamwomba anipe bwana wa kucheka. Nilimjua, ningemvumilia. Gramafoni akasema huyo ni mteja, hafanyi kazi leo.

"Utasikiliza yako mwenyewe," akasema. "Ile unayopewa mkono wa hongera."

Foleni yote ikageuka. Bwana wa kucheka peke yake ndiye aliyenionea huruma. Alinyamaza.

Kazija binti Mfaume anaingia kwa mlango wa nyuma, ule wa kupitishia mifupa. Amevaa gauni la maua na kanga begani, na shavu moja amelifunika kwa kiganja. Nilidhani ndiyo mtindo wa waimbaji wa zamani. Sura yake ni ya binti mdogo kuliko wanangu, lakini santuri yake ina umri mkubwa kuliko mimi. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba bila shida, akapanda juu ya gogo langu la kukatia nyama, akaketi.

Gogo likaanza kuzunguka.

"Wewe ndiye unayenifungia kabatini," akasema alipopita mbele yangu.

"Ndiyo, mama."

Akazunguka, akarudi. "Na huniachi nimalize."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Unaimba vibaya," nikamwambia. Mimi sijui kuzungushazungusha maneno.

"Najua," akasema. "Weka kidole."

Nikamwuliza kidole cha nini. Gramafoni akanionyesha. Ukingo wa gogo ulikuwa umechorwa mistari myembamba sana inayoingia ndani, na sindano ilikuwa kidole changu cha kwanza cha mkono wa kulia. Kukiinua ni jambo dogo kabisa. Hata inzi akitua unakiinua. Nikakiweka, na Kazija akafungua mdomo.

Nimewahi kusema geti la bati. Nilikosea, maana nilikuwa naisikia kwa mbali, kupitia bomba. Kwa karibu ilikuwa ni geti la bati lenye mtu aliyebanwa mkono. Sauti ilitoka puani, ikapotea, ikarudi kwa njia nyingine, ikakosa mahali pa kukaa. Mshale wa mizani ukapanda wenyewe. Kisu kikashika kutu mkononi mwa gramafoni. Mbwa wa mtaa walikuja mlangoni, wakasikiliza kidogo, wakaondoka wakiwa wamefuatana kama watu wanaotoka msibani.

Kidole changu kinataka kuinuka. Ninakikandamiza kwa kidole cha pili. Ninafikiria masikio yangu, ambayo sijawahi kuyafikiria, kwamba bila hayo kofia itaniangukia machoni.

Hamimu alikuwa amesimama kando, anatikisa kichwa kwa kufuata mdundo usiokuwepo.

"Mbona mzuri tu," akasema. "Mimi sioni tatizo lake."

Kisha mistari ikaisha na gogo likasimama. Upande wa kwanza tumeumaliza. Nilikuwa nimelowa jasho kama niliyeshusha ng'ombe mzima peke yangu. Nikamwuliza gramafoni upande wa pili uko wapi. Akasema upande wa pili wa mtu ni mgongo wake, kila mtu anajua hilo.

Kazija akanigeuzia mgongo, na bucha haikuwepo tena.

Tumo katika chumba kidogo ambacho kuta zake zimetundikwa mablanketi mazito. Joto linaniziba pumzi. Nyuma ya kioo yuko mtu amevaa kaptula, anatufanyia ishara tusikohoe. Gogo limeingia pia, na Hamimu, na gramafoni na kisu chake. Foleni imebaki nje lakini ninaisikia ikisukumana.

Nikauliza ni nani mwingine amewahi kufika humu. Kazija akasema hakuna. Akasema mimi ni wa kwanza, na kwamba nisimame vizuri, nimekanyaga waya.

Nikatoa mguu. Akaniuliza watu wanasema nini juu yake huko nje. Nikamwambia. Nikamwambia geti, nikamwambia saruji, nikamwambia na nyuso zinavyokunjwa. Hakukasirika. Akaondoa kiganja shavuni, na shavu lilikuwa limevimba kama embe.

Akanieleza kwamba alitoka Ujiji kwa treni kuja kurekodi, na kwamba kwao alikuwa mwimbaji wa kusifika, harusi ilikuwa haijawa harusi mpaka afike yeye. Jino lilimwanza njiani. Alipofika mdomo haufunguki. Akawaomba wenye mitambo wamngoje wiki moja. Wakamwambia mitambo inaondoka kesho yake, aimbe au arudi kwao. Nauli ya kuja wamechanga shangazi zake. Akaimba.

"Tangu hapo jino liko palepale," akasema. "Mkiweka sindano mwanzo, linaanza. Linatoka mwisho kabisa, huku upande wa pili, lakini hamfiki. Kila Jumapili mnanianzishia jino, halafu mnaniacha nalo."

Sikuelewa mara moja. Nilitaka kumwambia kwamba sisi tunamtunza, hatumgusi uso, hatumlazi, hatumweki juani. Nikaona maneno hayo hayasemeki mbele ya shavu lile. Nikasema pole.

"Pole haing'oi," akasema. "Weka kidole."

Nikaweka. Upande wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza. Siwezi kudanganya. Sasa nilikuwa najua ninachosikiliza, na hilo halikunisaidia, lilizidisha. Kila alipopandisha sauti, jino langu la nyuma liliuma. Nilitaka kuinua kwa ajili yangu, kisha nikataka kuinua kwa ajili yake apumzike, kisha nikakumbuka kwamba kuinua ndiko kunakomnyima kupumzika, na kichwa kikaniuma kwa kufikiri. Mkono ulikuwa unapanda wenyewe. Nikaulalia kwa kifua.

Katikati ya wimbo gramafoni akaanza kuishiwa nguvu.

Niliijua ile dalili. Sauti ya Kazija ikazama, ikavutika, mdomo ukawa unafunguka polepole kama mlango wa stoo, na gogo likapunguza mwendo. Ufunguo uko mgongoni mwa gramafoni, upande wa pili wa chumba. Nikimwendea, kidole kinatoka. Nikibaki, wimbo unasimama kabla ya jino, na kwa sheria yao kusimama na kuinua ni kitu kimoja. Nikamwambia Hamimu atie ufunguo. Alikuwa ananipa mgongo. Nikapiga kelele. Mtu wa nyuma ya kioo akaweka kidole kwenye midomo yake kuninyamazisha.

Hamimu akageuka kwa bahati. Mikono yangu ilikuwa na kazi, nikamwonyesha kwa viwiko. Akafurahi. Alidhani nacheza, naye akaanza kucheza kwa viwiko. Amenizunguka, anacheza vizuri kabisa, anapendeza, na gogo linakaribia kusimama.

"Hamimu," nikasema taratibu, midomo tu. "Anaumwa jino."

Akaacha kucheza. Akamtazama Kazija usoni, kwa muda, kama anavyomtazama mteja kabla ya kumpima. Kisha akaenda nyuma ya gramafoni, akashika ufunguo, akazungusha kama anayenyonga nguo.

Gogo likaondoka kwa nguvu mpya. Kazija akavuta pumzi, akaegemea mbele, akatema. Kitu kidogo kikaanguka kwenye beseni la bati lililokuwa chini ya miguu yake. Tak.

Akakaa kimya kidogo. Kisha akaimba ubeti uliobaki.

Sijui niseme nini. Mimi ni mtu wa nyama. Sauti ilitoka kifuani, ikajua inakokwenda, ikafika. Mablanketi ukutani yakatulia kana kwamba kuna mtu ameyapiga pasi. Nilishika maneno ya mwanzo tu, *safari imenichosha, mzigo nimeutua*, mengine nikasahau kusikiliza maneno. Yule wa kaptula alikuwa ameinamia mitambo yake, hakuinua kichwa. Nadhani alishachoka, alitaka kwenda kula. Kidole changu kikateleza chenyewe mpaka mstari wa mwisho, kikawa kinazunguka pale bila sauti.

Gramafoni akakiweka kisu chini. Akasema naweza kwenda, na niende na masikio yangu. Nilipotaka kumuuliza habari za masikio ya Hamimu, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mikono yangu yote miwili iko masikioni, nimeyashika kwa nguvu mpaka yamekufa ganzi. Nje nilimsikia mke wangu, Mama Sikudhani, anakanda unga wa chapati na kumwambia jirani kwamba leo mwenye bucha amelala kama mwenye shamba.

Niliona haya, lakini niliamka moja kwa moja mpaka kabatini. Nikaitoa santuri ya Kazija, nikaiweka juu ya gramafoni. Sikuifuta. Nikatia ufunguo mpaka ukagoma, nikaweka sindano mwanzo wa upande wa kwanza.

Sauti ilikuwa ile ile. Kuku walihama dirishani. Mama Sikudhani akaita kutoka uani, akaniuliza Baba Sikudhani asubuhi yote hii unachinja nini humo ndani. Nikageuza, nikatia ufunguo tena, nikaweka upande wa pili, na nikakaa juu ya mikono yangu. Katikati nilitamani kulia. Sikuinua.

Karibu na mwisho, kwa sauti ndogo sana, nikasikia. Tak.

Mtu ataniambia ni mkwaruzo. Mkwaruzo ninaujua. Santuri inazunguka, na mkwaruzo unarudi kila mzunguko, tak, tak, tak, mpaka uchoke. Hii ilikuja mara moja, ikiwa na mlio wa bati ndani yake, na haikurudi.

Kisha kimya kidogo, kisha ule ubeti.

Mama Sikudhani alikuwa mlangoni, unga mikononi mpaka viwikoni. Sijui alifika saa ngapi. Hakuwahi kukanyaga chumba hiki santuri ikilia, huwa anaita kwa mbali kama kuna nyoka. Alisimama mpaka ubeti ukaisha na sindano ikabaki inazunguka bila sauti.

"Huyo nani?" akauliza.

Nikamwambia ni Kazija. Akasema haiwezekani, Kazija anamjua, Kazija ni yule anayeburuta geti. Nikamwambia ndiye huyo huyo. Akafikiri. Akaketi mkekani kando yangu, akaniambia nirudishe mwanzo, tusikilize tena.

Nikamwambia siwezi. Nikirudisha mwanzo, jino linamwanza upya.

Nilitegemea aniguse paji la uso. Hakuniuliza jino gani, wala la nani. Alifuta unga kwenye kanga.

"Basi usiinue," akasema Mama Sikudhani, na nilipoirudisha sindano, akaukalia mkono wangu wa kulia.